Upande wa Chini wa Tandiko

Kwa miaka kumi na moja nililipwa na watafiti wa malaria kuhesabu mbu. Kijiji kizima cha Namawala wananijua: Kristina wa mbu, yule mwanamke aliyekuwa akipita asubuhi nyumba kwa nyumba na vikombe vyake vya karatasi, akikusanya mbu walionaswa kwenye mitego, kisha anakaa mezani na kibano kuwatenga mmoja mmoja. Huyu jike, huyu dume, huyu amekunywa damu, huyu bado. Sikuwahi kukosea hesabu. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilishindwa kuhesabu mafundo matano ya uzi kwenye pembe ya kitambaa, nichekeni kwanza, mmalize, halafu mnisikilize.

Mama yangu, Yosefina, ni mshonaji. Watu wa Ifakara humfuata kwa sare za kwaya na magauni ya kipaimara, lakini sisi wa nyumbani tunamjua kwa mambo mawili. La kwanza ni sare ya Noeli. Kila mwaka, Novemba ikianza, ananunua kitenge cha aina moja na kutushonea wote, wakubwa kwa wadogo, na siku ya sikukuu tunaingia kanisani tumefanana mpaka watu wanatucheka. La pili ni tandiko.

Tandiko ni blanketi la zamani ambalo mama amelishonea viraka pande zote mbili, kwa mkono. Kila mtu wa familia ana kiraka chake, kilichokatwa kwenye nguo yake ya Noeli. Walio hai wanakaa upande wa juu. Waliokufa wanakaa upande wa chini. Mtu akifariki, kiraka chake hakiguswi mpaka Noeli inayofuata. Wiki ya sikukuu mama hukifumua kwa wembe, huligeuza tandiko, na kukishona chini, karibu na wenzake. Siku yenyewe, baada ya misa, tunalitandaza barazani, tunakaa juu yake na kula, na wao wako chini yetu. Hiyo si desturi ya Wandamba wala ya kanisa. Padre mmoja aliwahi kuuliza, akaambiwa ale pilau lisije likapoa. Ni sheria ya mama, na sijui kaitoa wapi. Baba yake Teddy, binti yangu, hakuwahi kupata kiraka, kwa sababu aliondoka kabla ya Noeli yake ya kwanza kwetu. Mama husema tuliokoa kitambaa.

Mama hajui kusoma, kwa hiyo haandiki majina. Anafunga mafundo kwenye pembe ya kila kiraka, kwa jinsi watu walivyoingia katika familia yake. Yeye fundo moja. Marehemu baba yangu, Valeriani, mawili. Mimi matatu. Mdogo wangu Fridolin manne. Teddy matano. Stumai, mke wa Fridolin, sita, na watoto wao wawili wanafuata. Wazazi wake na wachanga wake wawili waliokufa, waliokwenda chini moja kwa moja, hawana mafundo.

Mwaka uliopita aliyepaswa kuhamishwa chini alikuwa Fridolin. Alitutoka mwezi wa nne kwa ugonjwa wa ini, na bado nikipita mahali panaponuka samaki wa kukaanga nageuka kumtafuta. Kazi ya kumhamisha nilipewa mimi, kwa mara ya kwanza. Macho ya mama yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Cherehani anaendesha kwa kupapasa, lakini kuchomoa uzi mwembamba kwa wembe bila kukata kitambaa hawezi tena.

"Hesabu mafundo," aliniambia. "Usitazame rangi."

Alikuwa na sababu. Mwaka aliozaliwa Teddy, panya walitafuna kiraka cha Fridolin, na mama akakata viwili siku ile ile kwenye kitenge kimoja: kijani, chenye ndege weupe. Vilikuwa vinafanana kabisa, vimekaa jirani.

Ilikuwa tarehe ishirini na mbili, mchana. Maharage yalikuwa jikoni, simu iko begani, nabishana na Teddy. Teddy anajitolea kufundisha shule ya msingi huko Masagati, mbele ya Mlimba, mahali ambapo ukitaka kupiga simu unapanda kilimani.

"Kesho asubuhi naondoka na boda mpaka Mlimba, napanda gari, jioni niko hapo," alisema. "Mwambie bibi gauni langu asilibane, nimenenepa."

"Umenenepa kwa ugali gani huo wa Masagati?"

"Mama, salio linaisha. Bai."

Nilikuwa nacheka nilipochukua wembe. Niliona kijani, niliona ndege, nikafumua, nikageuza, nikashona. Nusu saa tu. Nilijisifu kwa ulaini wa mkono wangu, nikarudi kwenye maharage.

Kesho yake asubuhi mama aliomba tandiko alishike. Alikaa kitandani, akaligeuza upande wa chini, akaanza kuwasalimia mmoja mmoja kwa vidole kama afanyavyo kila mwaka: wazazi wake, baba Valeriani, wale wadogo zangu wawili waliokufa wachanga. Vidole vikafika kwenye kiraka kipya. Vikatafuta pembe. Vikasimama. Vikaanza tena mwanzo.

"Mama Teddy," akasema. "Njoo uhesabu."

Nilihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. La tano lilikuwa limejikunja ndani ya pindo, nililisikia chini ya kidole mithili ya punje ya mchele.

Niseme ukweli, sikuogopa papo hapo. Nilisema, "Aa, nimekosea, lete wembe." Mama alinishika mkono, na alinishika kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Usifumue."

"Ni dakika mbili, mama. Namtoa Teddy, naweka Fridolin."

"Fridolin amekwisha kwenda. Atakwendaje mara mbili? Yeye nafasi yake mtafutie pembeni. Hii imefunguliwa kwa mtu aliye hai." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayemfundisha mtoto kushika sindano. "Ukimtoa ukapaacha wazi, patamwita mwenyewe. Hapa akitoka mmoja, anaingia mwingine aliye hai."

"Mama, hiki ni kitambaa."

"Ndiyo. Ni kitambaa. Mpigie simu."

Nilipiga. Yule dada wa mtandao akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Hilo halikuwa jambo geni, Masagati haipatikani siku tano kati ya saba. Nikapiga saa nne. Nikapiga saa sita. Saa nane mvua ikaanza upande wa Mlimba, wingu jeusi limekaa juu ya milima halitoki, na hapo ndipo nilipoogopa. Mimi ambaye sikuwahi kumwogopa mganga wala mchawi, nilianza kukwepa kukitazama chumba cha mama kwa sababu tandiko lilikuwa humo.

Jioni gari la Mlimba liliingia. Nilikuwa stendi kabla halijasimama. Walishuka wanawake na kuku, wakashuka wanajeshi wawili, akashuka mzee na gunia la mchele. Nikapanda mimi mwenyewe kuangalia kiti cha nyuma, kondakta ananiuliza, "Mama, unasafiri?" Teddy hakuwemo.

Niliporudi, mama alisikia hatua za mtu mmoja.

"Mvua imewazuia," nilisema. "Amelala kwa watu."

"Inawezekana," alisema mama.

Nilimchukia kwa neno hilo. Nilitaka aseme ndiyo, mwanangu, amelala kwa watu, anakula wali na samaki, kesho yuko hapa. Badala yake aliomba nimwonyeshe tena Fridolin wa upande wa juu yuko wapi, nikampelekea kidole chake hapo, akahesabu mafundo manne, akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne, saa moja kamili, niliondoka tena kwenda stendi. Mama alikuwa ameamka kabla yangu. Aliniomba jambo moja tu: nimtungie uzi kwenye sindano tatu, mweupe, mrefu. Nilidhani ni pindo za sare. Nilimtungia huku natazama mlangoni, nikaenda.

Stendi tiketi zinakatwa na Anselim, tuliyesoma naye darasa moja. Alinipa kiti chini ya mwavuli wake na chai ambayo sikuinywa. Kila aliyetoka upande wa Mlimba tulimuuliza. Mmoja alisema maji yamepita juu ya barabara. Mwingine alisema hayajapita, yamefika magotini tu. Kwenye saa tano simu ya Anselim ililia, akasikiliza, halafu akainuka akasogea mbali kidogo na mimi. Mtu akisogea hivyo unajua.

"Sema hapa hapa," nikamwambia.

"Dada Kristina, si habari ya uhakika."

"Sema."

"Kuna boda imesombwa na maji asubuhi hii, kabla ya Mlimba. Dereva katoka, kashikilia kichaka. Abiria..." Akajikuna shingo. "Wanasema alikuwa mwanamke. Hawajamwona. Wameona begi."

"Begi la rangi gani?"

Hakutaka kuuliza. Nilimwangalia mpaka akauliza. Akasikiliza, akashusha simu.

"Jekundu."

Begi la Teddy nililinunua mimi mwenyewe, siku aliyopata barua ya kwenda Masagati. Jekundu, lenye magurudumu mawili, moja lilivunjika wiki ile ile tukalirudishia kwa waya.

Sikulia. Miguu ilinirudisha nyumbani, sijui nilipita njia gani. Mama alikuwa barazani, tandiko limekunjwa mapajani, sindano moja imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Kidole chake cha shahada alikuwa amekifunga kitambaa.

"Wanasemaje?"

Nikamwambia. Boda, maji, begi.

"Begi si mtu," alisema. "Bandika maji, wageni wanakuja. Stumai na watoto wako njiani."

Hapo nilipasuka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Nilimwambia tandiko lake ni makaburi aliyoyaingiza nyumbani, kwamba tumekula sikukuu zote za maisha yetu juu ya maiti, kwamba leo nalichoma moto, nalimwagia mafuta ya taa hapo uani majirani wote wakiona. Nilinyoosha mkono kulichukua. Mama alilichukua yeye, akaliweka chini yake, akalikalia.

"Choma na mimi basi," alisema.

Nilikwenda jikoni. Nilibandika maji. Nilisali huku nimeshika mfuniko wa sufuria, na sala yenyewe haikuwa sala, nilikuwa narudia hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kila nikifika nne nilisimama, kana kwamba nikiacha kulitaja la tano, itakuwa sijamhamisha. Nilikuwa na uhakika nimemuua. Mtu yeyote angeniambia ni upuuzi ningekubali, na bado ningekuwa na uhakika.

Stumai alifika na watoto saa tisa, nikamwomba asiniulize kitu. Alinipokonya kisu cha vitunguu na kuendelea kukata.

Saa kumi na moja Fuso la mchele lilisimama barabarani kwetu, likapiga honi. Kwenye turubai juu kuna mtu aliyepakwa tope kuanzia kichwani, hana viatu, anacheka na utingo. Niliitambua sauti kabla ya sura.

Nilimpiga. Ndiyo, nilimpiga makofi mawili mgongoni kwanza, halafu nikamkumbatia, halafu nikakaa chini pale pale kwenye tope.

"Shikamoo mama. Mbona unanipiga, nimefanya nini?"

Mvua ilimzuia siku ya kwanza, akalala kwa mwalimu mwenzake. Asubuhi waliondoka na boda. Walipofika kwenye maji dereva akasema yanapitika, yeye ni mzoefu, na kweli magari mawili yalikuwa yamepita.

"Tukaingia kidogo tu, mama. Hata hayajafika kwenye tairi juu. Nikasikia woga. Hivi hivi tu, woga umenishika shingoni. Nikaruka nikarudi nyuma, yule kaka ananicheka, ananiita mwoga, begi langu liko kwenye keria. Akaenda. Alipofika katikati, maji yakamchukua. Simu ilikuwa kwenye begi. Magauni yangu yote."

Mama alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza. "Ilikuwa saa ngapi, mke mwenzangu?"

"Saa mbili hivi, bibi. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo nikupime, nasikia umenenepa."

Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, sikuyapima maneno hayo. Nilimwogesha binti yangu kama mtoto mchanga, na maji ya moto niliyobandika kwa hasira yalitosha kabisa.

Siku ya Noeli tulivaa sare, safari hii bluu yenye mananasi. Tukatoka misa, Stumai akapakua pilau, nami nikalitandaza tandiko barazani. Nilikuwa nimeliogopa njia nzima, lakini Teddy alikuwa hai, anagombana na watoto kuhusu soda, nikaona nimekuwa mjinga wa kutosha.

"Wifi," Stumai aliniita pembeni. "Nionyeshe alipo."

Tulipiga magoti, nikainua pembe. Kijani, ndege weupe. Nilihesabu kwa kidole changu na cha kwake: mafundo manne. Fridolin yuko mahali pake, pembeni ya baba; mama alikuwa amemhamisha mwenyewe. Stumai aliweka kiganja juu yake akakiacha hapo. Na mimi, kwa kuwa nimezoea kuhakikisha, nikatazama nafasi ya pili, ile niliyomshonea Teddy.

Haikuwa wazi. Kulikuwa na kiraka cha zambarau.

Zambarau ni moja tu kwenye familia yetu. Ni gauni alilovaa mama Noeli ya kwanza baada ya ndoa, na siku zote limekaa katikati ya upande wa juu, sisi wengine tumelizunguka. Mishono ilikuwa mikubwa, imepinda, inapita juu ya pindo na kurudi, mishono ya mtu asiyeona. Mahali pawili kulikuwa na doa la damu limekauka. Nilitafuta pembe. Nikahesabu. Fundo moja. Nikahesabu tena, ingawa moja hakuna anayeikosea.

Nilirudisha pembe chini. Katikati ya upande wa juu, alipokuwa mama, nilimwona Teddy, kijani, mafundo matano, ameshonwa vibaya na kwa uimara. Na kando yake alikuwa amekaa mama mwenyewe, anatafuna paja la kuku, anaulizia achari.

Nilingoja. Watu walipomaliza, nililibeba tandiko hadi chumbani kwake, nikamwita. Alikuja akipapasa ukuta, akakaa kitandani. Nilikuwa na wembe mkononi.

"Nafumua," nikasema.

"Fumua."

Hakubisha, na hilo lilinitisha kuliko kama angebisha.

"Lakini niambie kwanza unamweka nani," akasema.

Nje Stumai alikuwa anaosha vyombo. Watoto wake walikuwa wanaimba. Teddy alikuwa anacheka, kicheko chake kile cha kuanzia tumboni.

"Simweki mtu. Siamini mambo haya, mama. Sikuwahi kuyaamini."

"Vizuri. Usiyeamini, weka chako. Si kitambaa tu?"

Aliligeuza tandiko, akanitafutia mwenyewe: kiraka cha njano, maua madogo, mafundo matatu. Akanishika mkono akaupeleka hapo kwa upole, kama alivyokuwa akinishika nikijifunza kushona. Niliupachika wembe chini ya uzi wa kwanza. Uzi mmoja tu ukatike, wa pili ufuate, nusu saa, mkono wangu ni laini. Mama atarudi katikati, anapostahili, na mimi nitakuwa nimewaonyesha wote kwamba kitambaa ni kitambaa.

Mkono haukwenda. Niliogopa. Nilikuwa nimemwogopea Teddy siku mbili mpaka nikadhani woga wangu wote ni wa mapenzi, na sasa nilikuwa nimekaa kitandani kwa mama yangu, nimeshika wembe, najiogopea mimi. Nilihesabu miaka yangu, arobaini na nane. Nilihesabu na yake.

Mama alisikia ukimya ule akauelewa, na hakunilaumu hata kwa pumzi.

"Kunja basi, Mama Teddy," alisema. "Litaingia vumbi."

Nikalikunja, upande wa juu ukiwa juu.

Sasa ni mwisho wa Januari. Teddy amerudi Masagati kwa gari la halmashauri, ana simu mpya na ananipigia kila anapopanda kilimani. Mama hana homa wala kikohozi, anakula, ananung'unika, amepokea kazi ya magauni kumi na mawili ya kipaimara. Na kila asubuhi, kabla sijawasha moto, nasimama mlangoni kwake nimebana pumzi, nasikiliza. Nahesabu mpaka nne. Kisha nasema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, "Shikamoo mama!"

Huwa anakawia. Sijui kama ni usingizi au ananifanyia makusudi.

"Marahaba," anajibu. "Bado nipo. Kapike chai."